Sekunde Arobaini

Barua yangu ya chuo ilikuwa na mihuri mitatu
na haikutaja mshahara mahali popote.
Bwana Omuga aliisoma akiwa amesimama,
akanipa kiti kisicho na mgongo
na visikizi vilivyofungwa kwa utepe mweusi,
akasema: "Mwanagenzi, hapa biashara yetu ni sekunde."

Studio ya pili, ghorofa ya juu, Kisumu.
Ukutani wamegandisha trei za mayai
ili sauti isimrudie mwenyewe.
Siku za kwanza nilijaza chai kwenye chupa.
Baadaye nikawa namsomea Shitsama, fundi mitambo,
majina ya marehemu,
si hewani, kwake tu,
asikie kama natafuna silabi.
"Maiti hana haraka," akaniambia. "Vuta pumzi kabla ya jina."

Kisha Nyando ikapanda.
Nikatumwa Kakola na kinasa sauti,
viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini,
nikamkuta Mama Turphena Ogola shuleni,
darasa la tatu, amekalia dawati la mtoto,
sufuria tatu miguuni, moja ikipokea paa linalovuja.
Kwa Kijaluo akanieleza:
maji yalipitia mlango wa nyuma,
mlango ambao hata mkwe hathubutu.
Nikamuuliza amepoteza nini.
Akafungua mdomo, akaufunga.
Akaanza kuhesabu kwa vidole,
akafika cha nne, akarudi cha kwanza.

Sekunde kumi na moja.
Nilizipima baadaye, kwenye skrini,
pale mawimbi ya sauti yalipolala
yakawa uzi mmoja mwembamba,
na juu ya uzi ule vinundu: tone, tone, sufuria.

Ndipo akasema: "Mbuzi wawili. Na vile vingine."

Omuga akataka arobaini kwa taarifa ya saa saba,
si arobaini na moja.
"Redio ikinyamaza sekunde tatu
mtu wa Muhoroni anadhani stima imepotea,
anakipiga kisanduku kofi,
anageuza kitufe, na hatumpati tena."
Hakuwa mkali. Alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi hii
na nusu andazi mkononi.

Nikakata.
Nilikata vizuri, haki ya Mungu,
hata Shitsama hakusikia kovu.
Nikaweka Kiswahili changu juu ya Kijaluo chake,
sauti juu ya sauti, kama blanketi juu ya aliyelala,
na saa saba na dakika nne
Mama Turphena akapoteza mbuzi wawili
bila kufikiri.

Jioni akanipigia. Nilikuwa nimemwachia namba.
Walisikiliza darasa zima,
redio ya jirani, antena ya waya wa seng'enge.
Akanishukuru. Halafu:
"Mwanangu, ni mimi yule, sauti yangu naijua.
Ila mbona nilikuwa na haraka vile?
Nilikuwa nakwenda wapi?"

Daftari la mazoezi lina safu: Ujuzi uliopatikana.
Nikaandika: uhariri wa sauti.
Omuga akatia sahihi huku akiongea na simu.
Kipande kile sikukitupa. Kimo kwenye flashi,
kwa jina "chafu 4",
kati ya mkutano wa wakulima wa miwa
na mimi nikikohoa.

Mwezi wa pili mhadhiri akaja kunikagua,
tope la Maseno bado kwenye soli.
Akauliza, kalamu tayari, nimejifunza nini hapa.
Nikafungua mdomo, nikaufunga.
Shitsama, mlangoni, akatazama saa ya ukutani.
Mhadhiri akangoja moja, mbili, tatu,
akageuza ukurasa.